Matembezi ya chakula katika miji ya kale ya pwani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kumlipa kiongozi

Safari ya kutoka Arua hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni ndefu. Kutoka Arua hadi Kampala pekee ni karibu kilomita 500, na baada ya hapo msafiri bado ana Kenya au Tanzania ya kuvuka. Mtu aliyejibana kwa miezi kadhaa ili aione Zanzibar au Mombasa hana sababu ya kupoteza jioni yake ya kwanza mikononi mwa kiongozi asiyeijua kazi yake, wala kumaliza nauli ya kurudi kwa mlo ambao bei yake haikutajwa mapema.

Wakazi wa Logiri, Vurra, Koboko na Arua mjini wanaosafiri kwa harusi, masomo, biashara au mapumziko hukutana na huduma iliyoenea sana katika miji hiyo: matembezi ya chakula. Makala haya yanaeleza huduma hiyo ni nini, jinsi ya kuipima kabla ya kulipa, na maswali yanayofaa kuulizwa.

Matembezi ya chakula ni nini?

Ni ziara ya miguu, kwa kawaida ya saa mbili hadi nne, ambapo kiongozi huwapitisha wageni wachache katika masoko, vibanda, mikahawa na wakati mwingine nyumba za watu, wakionja chakula kidogo kidogo huku wakielezwa asili yake. Mgeni hulipia mambo matatu kwa pamoja: chakula chenyewe, muda wa kiongozi, na ujuzi wa kujua nani anapika nini, wapi na saa ngapi.

Jambo la tatu ndilo lenye thamani kubwa zaidi, na ndilo gumu kupimwa na mgeni. Chakula kinaonekana na saa zinahesabika, lakini ujuzi wa kiongozi hujulikana baada ya safari kuanza, wakati fedha zimekwisha kutolewa. Ndiyo maana maswali yote muhimu yanapaswa kuulizwa mapema.

Miji yenyewe

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Soko lake kuu la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904, na hadi leo asubuhi yake huanza kwa mnada wa samaki. Upande wa baharini, mbele ya Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib, kuna bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jua likizama, wauzaji hupanga meza zao na bustani hugeuka soko la chakula. Beit el-Ajaib yenyewe iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo kiongozi anayeahidi kuwaingiza wageni ndani aulizwe vizuri hali ya jengo ilivyo siku hiyo.

Mombasa ina Mji wa Kale unaopakana na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2011. Karibu yake kuna Marikiti, soko linalojulikana kwa viungo. Lamu, iliyoingia katika orodha hiyo mwaka 2001, ni mji mdogo na mtulivu zaidi, na kuufikia kunahitaji siku za ziada.

Vyakula vya miji hiyo vinafanana kwa mengi, ila kila mji una fahari yake. Zanzibar hujivunia urojo, mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu wa ndimu au embe, unaotiwa bajia, kachori, viazi na mishikaki. Mombasa hujulikana kwa mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai jioni, na samaki wa kupaka. Kahawa chungu katika vikombe vidogo, halua, kashata, pilau na biriani hupatikana kote.

Nani hasa anayeongoza?

Hili ndilo swali la kwanza. Zanzibar, shughuli za utalii husimamiwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na watembezaji watalii wanatakiwa kuwa na kibali na kitambulisho. Si kosa wala utovu wa adabu kuomba kukiona. Kiongozi halali hukitoa bila kununa.

Wenyeji wa Mji Mkongwe wana jina la vijana wanaowaandama wageni bandarini na vichochoroni wakijitolea kuwaongoza bila kibali: papasi, jina la mdudu anayenyonya damu. Jina hilo ni kali, na si kila anayeitwa hivyo ni mtu mbaya. Wengi wanatafuta riziki katika mji ambao kazi ni haba. Hata hivyo, mgeni anapaswa kuelewa jinsi kazi hiyo inavyolipa. Asiye na ada iliyotangazwa hupata kamisheni kutoka kwa duka au mkahawa anaompeleka mgeni, na kamisheni hiyo huongezwa katika bei ya mgeni. Njia ya matembezi basi hufuata penye kamisheni, hata kama si penye chakula kizuri.

Kuna dalili kadhaa za kiongozi wa kuaminika. Hutaja ada yake kabla ya kuondoka. Hutaja vituo vichache kwa majina. Hajibu kila swali kwa haraka, na yuko tayari kukiri kwamba jambo fulani itabidi amwulize mpishi. Na anapopita, wauzaji humsalimu kwa jina lake, kwa kuwa anawalipa vizuri na kwa wakati.

Idadi ya watu na saa ya kuondoka

Vichochoro vya Mji Mkongwe na Mji wa Kale ni vyembamba. Kundi la watu sita linaweza kusimama mbele ya kibanda bila kuzuia njia na bila kumkera muuzaji. Kundi la watu ishirini haliwezi: nusu yao hawasikii maelezo, na chakula huandaliwa mapema na kupoa kabla hakijawafikia. Kiongozi aulizwe idadi ya juu kabisa ya watu anaowachukua, kwa kuwa idadi ya waliojiandikisha hadi wakati huo inaweza kuongezeka.

Saa nayo hubadilisha kila kitu. Matembezi ya asubuhi hufaa kwa masoko, samaki, mahamri na kahawa. Matembezi ya jioni hufaa kwa nyama za kuchoma, urojo na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Matembezi ya saa nane mchana, jua likiwa kali na vibanda vingi vikiwa vimefungwa, mara nyingi humfaa kiongozi mwenye nafasi kuliko mgeni mwenye njaa. Siku ya Ijumaa, wakati wa sala ya mchana, maduka mengi hufungwa; mpango mzuri huzingatia hilo.

Bei na kilichomo ndani yake

Kampuni nyingi hutangaza bei kwa dola za Marekani, huku wauzaji wa mitaani wakipokea shilingi. Msafiri kutoka Uganda anapaswa kujua bei kamili kwa shilingi ya nchi anayoitembelea, kisha aibadilishe mwenyewe kwa shilingi ya Uganda, kwa kuwa shilingi za nchi hizi tatu hazilingani thamani.

Ni vyema kuuliza pia kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki. Uganda, Kenya na Tanzania zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika vivutio vingi, hasa makumbusho na hifadhi za serikali, raia wa jumuiya hiyo hulipa chini ya mgeni kutoka mbali. Kampuni binafsi hazilazimiki kufanya hivyo, lakini nyingi hukubali zikiulizwa kwa upole na kuonyeshwa kitambulisho.

Mambo manne yafafanuliwe kabla ya malipo: kama vyakula vyote vimo katika bei, kama vinywaji vimo, kama ada za kuingia majengo zimo, na nini kitatokea mvua ikinyesha au mgeni akiugua. Mgeni asiyepata majibu ya mambo hayo manne hajaijua bado bei ya anachonunua.

Kwa wanaokwenda Forodhani bila kiongozi, kanuni ni moja: bei ya kila kijiti cha mshikaki au kipande cha samaki itajwe kabla hakijawekwa motoni. Ugomvi mwingi wa eneo hilo huanza pale sahani inapojazwa kwanza na hesabu kufuata baadaye.

Fedha humfikia nani?

Baadhi ya matembezi huwapeleka wageni katika nyumba ya familia kupika pamoja pilau au chapati. Huenda hiyo ikawa sehemu bora ya ziara, kwa kuwa mapishi ya pwani yamehifadhiwa zaidi jikoni mwa nyumba kuliko mikahawani. Lakini mama anayetoa jiko lake, kuni au makaa yake, na nusu ya siku yake anastahili malipo yaliyokubaliwa. Kumwachia bahati ya bahashishi peke yake si haki.

Swali linaweza kuulizwa waziwazi: mwenye nyumba analipwaje? Kiongozi anayewatendea haki wenzake hujibu bila kusita. Hali ni hiyo hiyo kwa muuzaji wa kahawa barazani. Jaws Corner, kona ya Mji Mkongwe ambapo wanaume huketi kunywa kahawa na kujadili siasa, ni baraza ya watu halisi wenye mazungumzo yao. Mgeni anayeingia husalimu kwanza, hununua kikombe, na huomba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Afya

Kanuni za msingi ni zile ambazo kila mama wa West Nile huwafundisha wanawe: kula kilicho moto, kilichopikwa mbele ya macho, mahali penye wateja wengi. Samaki na pweza waliokaa mezani tangu jioni kisha wakapashwa moto waachwe. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na juisi isiyotiwa barafu ni salama zaidi.

Mwenye mzio wa karanga, samaki wa magamba au mayai amweleze kiongozi siku moja kabla, kwa maneno ya wazi, na arudie tena katika kila kibanda. Mapishi ya pwani hutumia viungo vingi kwa pamoja, na si rahisi kujua kwa kutazama kilichosagwa ndani ya chatne au kachori. Mwenye kisukari azingatie kwamba halua, kashata na juisi ya miwa huja mfululizo katika matembezi mengi.

Ahadi ya chakula adimu kinachouzwa kwa siri ikataliwe. Machi 2024, watu 9 walifariki katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa, wengi wao wakiwa watoto. Kasa wanalindwa na sheria, na nyama yao inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Msafiri anayetoka Uganda abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Tanzania na Kenya hukihitaji kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Dini na adabu

Wakazi wengi wa Mji Mkongwe, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa ni Waislamu. Mavazi yanayofunika mabega na magoti huheshimiwa, na chakula hupokewa na kuliwa kwa mkono wa kulia. Nyama inayouzwa mitaani ni halali, jambo linalowapa utulivu wasafiri Waislamu kutoka Arua na Koboko, ambako jamii ya Wanubi na wengine wengi hufuata kanuni hiyo hiyo.

Katika mwezi wa Ramadhani, kula hadharani mchana hakukubaliki Zanzibar, na migahawa mingi hufungwa hadi magharibi. Kampuni inayouza matembezi ya chakula ya mchana wakati huo bila kueleza lolote inawaingiza wageni katika aibu. Kwa upande mwingine, jioni za Ramadhani zina vyakula ambavyo miezi mingine huonekana kwa nadra, na kiongozi mzuri hupanga safari yake kuanzia futari.

Historia isiyofichwa

Chakula cha pwani ni kumbukumbu ya safari nyingi. Biriani inakumbusha Bara Hindi, halua inakumbusha Omani, na muhogo, mahindi na pilipili vililetwa Afrika kutoka Amerika kupitia Wareno. Mkazi wa Logiri anayekula muhogo wa kuchoma Forodhani anakula mmea uleule unaosagwa nyumbani kwao kwa ajili ya enyasa.

Lakini kumbukumbu hiyo ina upande mchungu. Utajiri wa karafuu wa karne ya 19 ulijengwa kwa jasho la watumwa waliotolewa bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa la Kristo la Waanglikana likajengwa mahali pake. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria kisiwani hadi 1897. Matembezi yanayopita hatua chache kutoka hapo, yakasifu harufu ya karafuu na kunyamaza kuhusu waliozichuma, yamemnyima mgeni nusu ya maelezo. Kwa watu wa West Nile, ambao mababu zao waliguswa na misafara ya watumwa na pembe iliyoshuka kutoka Sudan, jambo hilo si la mbali.

Faida ya Kiswahili

Matembezi mengi huendeshwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiitaliano. Msafiri anayezungumza Kiswahili aombe ziara katika lugha hiyo. Humo mpishi huzungumza mwenyewe badala ya kutafsiriwa, na maswali hupata majibu marefu zaidi.

Kiswahili cha West Nile kilifika kwa njia ya jeshi, magereza, masoko ya mpakani na majirani wa Kongo, na wengi huona haya kukitumia mbele ya watu wa pwani. Haya hiyo haina msingi. Tofauti za msamiati, hasa wa jikoni, ni mlango wa mazungumzo. Majani ya muhogo ambayo Wakongo wa Aru na Ariwara huyaita sombe, Tanzania huitwa kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Posho ya Uganda ni ugali, na andazi la pwani lenye nazi na iliki ni hamri. Kiongozi anayemcheka mgeni kwa maneno hayo hafai. Anayeuliza maana yake anafaa.

Na Arua je?

Arua ilianza kama kituo cha utawala mwaka 1914, West Nile ilipohamishiwa Uganda kutoka Sudan, na ikawa jiji tarehe 1 Julai 2020. Haina majumba ya mawe ya karne ya 19, lakini vigezo vilivyoelezwa hapo juu vinaweza kutumika hapa vilevile. Enyasa na mboga ya osubi, samaki mkavu aina ya angara kutoka Mto Nile, simsim ya kusaga, asali, kumbikumbi wa msimu na gurusa ya Wanubi vinaweza kuonjwa asubuhi moja mjini. Kijana wa Arua anayetaka kuanzisha kazi hiyo ana ghala tayari. Anachohitaji ni ada iliyotajwa wazi, makubaliano ya haki na wapishi, na historia iliyosimuliwa bila kufichwa.

Maswali kumi ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Kibali na kitambulisho cha kiongozi kiko wapi?
2. Kundi litakuwa na watu wangapi kwa wingi zaidi?
3. Safari inaanza saa ngapi, na kwa nini saa hiyo?
4. Vituo ni vipi, na vyakula gani vitaonjwa?
5. Bei kwa shilingi ni kiasi gani, na ina nini ndani yake?
6. Kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki?
7. Wapishi na wenye nyumba hulipwaje?
8. Mwenye mzio au maradhi atasaidiwaje?
9. Fedha zitarudishwa lini safari ikivunjika?
10. Ziara inaweza kufanyika kwa Kiswahili?

Kiongozi anayeijua kazi yake hujibu maswali hayo yote kwa dakika chache. Kampuni inayoyakwepa inamwonyesha msafiri mapema kwamba ni bora kutafuta kampuni nyingine, na kwa wakati huo fedha zake bado zitakuwa mfukoni mwake.